Mtani, Somo na Baraza: Namna Tatu za Kusimamiana kati ya Watumishi wa Kanisa

Neno msimamizi lina matumizi mawili ambayo kwa mgeni wa lugha huonekana kana kwamba hayapatani. Shambani, msimamizi ni yule awaangaliaye wafanya kazi, ahesabuye siku zao na kupeleka habari kwa mwenye shamba. Kanisani, msimamizi ni yule asimamaye karibu na mtu katika ubatizo au katika ndoa, na baadaye kumkumbusha ahadi yake na kumsaidia kuitimiza. Wa kwanza huogopwa, wa pili hupendwa. Lakini neno ni moja, nalo limetoka katika kusimama, pamoja na kiungo kile kionyeshacho kwamba tendo latendeka kwa ajili ya mtu au juu ya jambo fulani. Akusimamiaye aweza kusimama juu yako, tena aweza kusimama kwa ajili yako.

Makasisi, wachungaji, mapadre, wainjilisti na walimu huwasimamia watu wengine siku zote kwa namna hizo mbili. Lakini wao wenyewe husimamiwa na nani? Mithali yasema, Kinyozi hajinyoi. Tumfikiri mwalimu aliyewekwa peke yake katika kijiji cha mbali. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la sadaka. Yeye ndiye asikiaye siri za nyumba nyingi. Naye amefiwa na mtoto mwezi uliopita, na Jumapili iliyofuata akasimama mimbarani kuwafariji wengine. Mtu huyu ana haja ya kuulizwa, tena ana haja ya kutunzwa. Asipoulizwa aweza kupotea. Asipotunzwa aweza kuvunjika. Na mara nyingi yule apoteaye ndiye aliyevunjika kwanza pasipo mtu kujua.

Katika habari hii twataka kueleza neno moja. Watu wa nchi zetu, katika desturi zao, hawakumpa mtu mmoja kazi yote ya kuwasimamia wenzake. Waliigawa kati ya watatu: mtani, somo, na baraza la wazee. Na tukitazama mambo yaliyopita ya Kanisa, twaona kwamba palipofuatwa mgawanyo wa namna hiyo watumishi walisaidiwa, na pale kazi zote tatu zilipotiwa katika mkono mmoja, au moja ilipoachwa, madhara yalitokea.

I. Maneno

Majina ya kazi za Kanisa yana mafundisho ndani yake. Askofu limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Kiyunani, episkopos, maana yake mwangalizi. Kasisi nalo limepita katika Kiarabu, na nyuma yake liko neno la Kisiria cha kale lenye maana ya mzee. Shemasi vivyo hivyo latoka katika neno la Kisiria lenye maana ya mtumishi. Mchungaji ni neno la Kibantu, la kuchunga. Na katika shina hilo hilo twapata kujichunga, yaani kujihadhari nafsi yako. Kuangalia, kuwa mzee, kutumika na kuchunga: katika majina hayo manne hakuna hata moja lenye maana ya kutawala pasipo kuulizwa.

Sarufi nayo yafundisha. Mitume katika nyaraka zao huagiza mara nyingi mambo ya kutendeana: kupendana, kuonyana, kuchukuliana mizigo, kuungamiana dhambi. Kiyunani kina neno la pekee, allelon, ambalo huwekwa pamoja na kitendo ili kuonyesha kwamba tendo laenda pande zote mbili. Kiswahili hakina haja ya neno la pili; hutia -na mwishoni mwa kitendo, na mara hiyo wote wawili wameingia ndani. Hakuna awezaye kuonyana akiwa peke yake, wala awezaye kuonyana pasipo kuonywa. Jambo hili husahauliwa upesi na mtu mwenye cheo, kwa maana kuonya amekuzoea, lakini kuonyana ni kazi nyingine.

Tena liko neno la kutoa hesabu, ambalo katika Kiswahili cha Maandiko hutumika kwa watu waliopewa kulinda roho za wengine. Siku hizi neno lililoenea ni kuwajibika, litokalo katika wajibu. Ni neno zuri, lakini katika magazeti limepata pia maana iliyo nyembamba: wakisema kwamba kiongozi fulani amewajibika, mara nyingi maana yao ni kwamba amejiuzulu baada ya mambo kuharibika. Kwa maana hiyo, kuwajibika ni jambo la siku moja, nayo ni siku ya mwisho. Kutoa hesabu si hivyo. Mwenye duka hutoa hesabu kila jioni, si siku duka liungualo. Katika habari hii twashika neno la zamani, kwa sababu ndilo lielezalo kazi ya kila juma.

II. Desturi

Utani umeenea sana katika Tanzania, ndani ya ukoo, kama kati ya babu na mjukuu au kati ya mabinamu, na pia kati ya kabila na kabila. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wachaga na Wapare ni watani. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, nao ni watani leo. Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemwa na wengine. Humcheka mchoyo mbele ya wageni wake, humwambia mlevi kwamba ni mlevi, na aliyeambiwa akikasirika, yeye ndiye huonekana hana adabu. Lakini mtani huyo huyo ndiye ajaye msibani, ashikaye kazi ya maziko wakati wenye msiba hawana nguvu, na kuwafanyia mzaha wafiwa hata wakapata kula. Maneno yake hupokewa kwa sababu mbili. Kwanza, hana cheo juu yako, wala hatafuti nafasi yako. Pili, ruhusa hiyo ni ya pande mbili. Aliyokuambia leo, kesho waweza kumwambia yeye.

Somo ni neno la pwani. Maana yake ni mtu mwenye jina moja nawe, tena ni rafiki wa ndani umwambiaye siri. Kwa wanawake, somo ni pia yule mtu mzima apewaye mwari ili amfundishe mambo ya unyumba na utu uzima, kazi ambayo huitwa pia ukungwi. Inafaa kuangalia kwamba kazi hii hapewi mama mzazi. Desturi imeona kwamba yako mambo ambayo mtoto hawezi kumwuliza mama yake, si kwa kuwa mama hampendi, bali kwa kuwa ni mama. Yeye ndiye mwenye kumtuma na kumkemea, na mwenye nguvu hizo si rahisi kuambiwa yote.

Baraza kwanza lilikuwa kile kikao cha mawe au cha udongo mbele ya nyumba, mahali pa kuketi na wageni; kisha likawa jina la mkutano wenyewe. Sifa yake ni uwazi. Mshitakiwa husikia maneno ya mshitaki wake kwa masikio yake mwenyewe, mashahidi husemeshwa, wazee hufanya shauri, na neno hukatwa mbele ya watu. Shauri lililokatwa chumbani si la baraza.

Tukiyaweka mambo haya pamoja twaona kwamba kila mmoja ana kazi yake na mpaka wake. Mtani husema kweli, lakini hana hukumu. Somo hupokea siri, lakini hana amri. Baraza lina hukumu na amri, lakini halina haki ya kuchimba siri za moyo. Lashughulika na yaliyotendeka na yaliyoshuhudiwa. Wahenga walisema, Jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga ni matatu, nayo hukaa mbali kidogo, kila moja mahali pake; yakisukumwa yakawa rundo moja, chungu huanguka vile vile.

Hatusemi kwamba desturi hizi hazina ila. Utani huweza kugeuka kuwa matusi. Katika mafundisho ya unyago yamekuwamo mambo ambayo Kanisa halikuyakubali. Na baraza huweza kumpendelea mwenye mali. Lakini ndugu zetu wa Masasi wanajua habari za Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wao tangu 1926 hata 1944, jinsi jando lilivyochukuliwa, likasafishwa na kuwekwa katika maisha ya Kikristo. Desturi yaweza kutwaliwa kwa ajili ya hekima iliyomo, yaliyo maovu yakaachwa.

III. Kanisa lilivyofanya

Mgawanyo huu si mgeni katika Kanisa. Tuanze na baraza. Mwaka 1541 mji wa Geneva ulikubali maagizo ya Kanisa yaliyotengenezwa na Jean Calvin. Wachungaji wa mji na wa vijiji vilivyouzunguka walitakiwa kukutana kila juma, nao walikutana siku ya Ijumaa. Mmoja alieleza fungu la Maandiko, na wenzake wakaongeza au wakasahihisha. Tena mara 4 kwa mwaka, kabla ya Ushirika Mtakatifu, walikutana wao kwa wao ili kutazamana mwenendo na kazi. Msomaji na ahesabu. Katika mwaka mmoja walikutana mara 50 hivi ili kusoma pamoja, na mara 4 tu ili kuchunguzana. Mwenzake aliyemwambia kosa lake hakuwa mgeni aliyeshuka kutoka mbali na daftari mkononi. Alikuwa mtu ambaye ameketi naye juu ya Maandiko tangu miezi mitatu iliyopita, kila Ijumaa.

Kabla ya hapo, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, ambayo watawa wake waliileta katika nchi hizi tangu 1888, wakaishika Peramiho tangu 1898 na Ndanda tangu 1906, ilikuwa imekwisha kumwagiza abate awaite ndugu wote penye shauri kubwa, na vijana pia, kwa sababu Mungu mara nyingi humfunulia aliye mdogo lile lililo bora. Wazee wetu wa baraza wangeona ajabu kusikia kijana akiulizwa kwanza. Na katika jambo hili twaweza kusema kwamba Kanisa liliongeza kitu.

Tuje kwa somo. Sheria ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1983, katika kanuni ya 985, yakataza mlezi wa wanovisi na msaidizi wake, pamoja na gombera wa seminari, wasisikilize maungamo ya wanafunzi wakaao nao nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe kwa hiari yake aombe hivyo katika jambo la pekee. Sababu ni nyepesi kufahamika. Gombera ndiye atakayesema kama kijana huyu anafaa kupewa daraja au hafai. Kama ndiye pia asikiaye dhambi zake, basi ama kijana ataficha, ama gombera atajua asiloweza kulitumia. Ni hekima ile ile ya kutompa mama kazi ya somo.

Na mtani? Hapa twapata mfano kwa John Wesley. Mwezi wa Desemba 1738 aliandika kanuni za vikundi vidogo ambavyo watu wake walikutana kila juma. Waliokutana walikuwa watu wa hali moja, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Kabla ya kupokelewa, mtu aliulizwa kama ataka kuambiwa makosa yake waziwazi. Na mmoja wao aliagizwa aeleze kwanza hali ya nafsi yake mwenyewe, ndipo awaulize wengine. Jambo hilo la mwisho ni kubwa. Aulizaye alikuwa amekwisha kujiweka chini ya swali lile lile.

Tena mwaka 1742, katika mji wa Bristol, palikuwa na deni la nyumba ya ibada. Wakaamua kwamba kila mtu atoe senti moja ya Kiingereza kwa juma, na watu wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kila fungu na kiongozi wake wa kukusanya. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba wakaona mambo: huyu amerudia ulevi, huyu hana chakula, huyu yu mgonjwa na hakuna aliyejua. Hivyo hesabu ya fedha ikageuka kuwa ulinzi wa roho. Na wahubiri wenyewe hawakuachwa. Tangu 1744 walikutana kila mwaka katika mkutano wao mkuu, na desturi ikathibitika ya kuulizana huko juu ya mwenendo wa kila mhubiri kwa jina lake.

Katika nchi zetu mfano ulio karibu ni ule Uamsho uliotoka Gahini katika Rwanda. Mwaka 1929 daktari Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi katika mji wa Kampala, wakasoma na kuomba pamoja. Na katika miaka ya 1930 moto ule ukaenea katika Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka, ambao kwa Kiganda huitwa Balokole, walikutana mara kwa mara, wakaungama na kuonyana, na tendo hili wakaliita kutembea nuruni. Siku zile lilikuwa jambo zito kuona Mwafrika akimwonya misionari wa Kizungu, na Mzungu yule akiomba radhi mbele ya watu. Utani wa pande mbili, ambao serikali za siku zile na misioni nyingi hazikuujua, ulipata mlango wa kuingia Kanisani.

Lakini Uamsho huo wafundisha pia hatari yake. Wenye cheo mara nyingine hawakuweza kuuchukua. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa baada ya ugomvi na wakuu wa chuo juu ya mikutano yao ya alfajiri. Na kwa upande wa pili, palipokuwa hakuna tofauti kati ya kazi ya somo na ya baraza, yaliyofaa kusemwa sikioni yalisemwa mbele ya wote. Mtu aungamaye uzinzi mbele ya mkutano amemtaja na mwenzake, ijapokuwa hakulitamka jina. Kijiji kizima chajua.

IV. Madhara mawili

Sasa tutazame mambo yalivyoharibika, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Samuel Ajayi Crowther alitekwa na kuuzwa utumwani akiwa kijana wa Kiyoruba mwaka 1821, akaokolewa baharini mwaka 1822, na kupelekwa Sierra Leone. Alipewa ukasisi mwaka 1843, na mwaka huo huo ukatoka msamiati wake wa Kiyoruba, kitabu ambacho wapenda lugha wa Afrika yote wapaswa kukiheshimu. Tarehe 29 Juni 1864 aliwekwa kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury, wa kwanza wa Waafrika katika Kanisa la Uingereza. Kazi yake ilikuwa kando ya mto Niger, vituo vilivyo mbalimbali sana. Naye kwa kusafiri alitegemea meli za wafanya biashara, na makao yake yalikuwa Lagos. Wafanya kazi wake walikaa muda mrefu pasipo kutembelewa. Makosa yalitokea, na mengine yalikuwa ya kweli.

Mwezi wa Agosti 1890 kamati ya misioni ilikutana Onitsha. Vijana wa Kiingereza, waliofika juzi juzi, waliwasimamisha makasisi na walimu wa Kiafrika mbele ya askofu wao, mzee mwenye umri wa miaka 80 na zaidi, wala neno lake halikusikilizwa. Askofu akajitoa katika kamati, na tarehe 31 Desemba 1891 akafa. Aliyewekwa baada yake alikuwa Mzungu, na makanisa ya kule yakafarakana.

Vijana wale walidhani kwamba wanaleta hesabu. Lakini kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyewatunza wale waliohukumiwa. Waamuzi hawakuwa wameketi nao kila Ijumaa. Tena kuulizwa kulikuwa kwa upande mmoja tu. Hakuna Mwafrika aliyepewa nafasi ya kuuliza juu ya mwenendo wa vijana wale. Msimamizi wa shamba alikuwapo. Msimamizi wa ubatizo hakuwapo. Tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 kamili tangu siku ile ya Canterbury, Askofu Mkuu Justin Welby aliomba radhi hadharani kwa ajili ya mateso hayo.

Madhara ya pili ni kinyume cha hayo, nayo yamgusa Askofu Mkuu huyo huyo. Tarehe 7 Novemba 2024 ilitolewa taarifa ya uchunguzi juu ya John Smyth, wakili Mwingereza aliyekuwa kiongozi wa kambi za vijana wa Kikristo. Mtu huyu aliwapiga na kuwadhulumu wavulana na vijana wapatao 100 au zaidi, katika Uingereza na baadaye katika Zimbabwe, alikohamia mwaka 1984. Tangu 1982 baadhi ya wachungaji walikuwa na habari zake, zikaandikwa, kisha zikafichwa ili kazi isiharibike jina. Uchunguzi ulisema kwamba Askofu Mkuu, aliyepata habari mwaka 2013, angeweza, tena alipaswa, kuzipeleka kwa polisi. Tarehe 12 Novemba akatangaza kujiuzulu.

Waliomficha Smyth hawakukosa upendo wao kwa wao. Walijuana tangu ujana, waliombeana, walilindana. Waliyokosa ni baraza, na mtani wa kutoka nje ya nyumba yao ambaye angesema lisilosemwa. Mithali yatuonya, Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa waliokufa moyo si wale walioficha, bali watoto wa watu wengine. Onitsha watu waliulizwa pasipo kutunzwa. Huku walitunzana pasipo kuulizana. Nazo dhara zote mbili ziliwaangukia walio wadogo.

V. Shauri letu

Basi, katika mitaa yetu, tufanye nini? Twatoa mashauri machache, kila mmoja apime kwa hali ya mahali pake.

Kwanza, juu ya baraza. Walimu na makasisi wa mtaa mmoja wakutane kwa siku iliyowekwa, mara nyingi kuliko wanavyokutana sasa, na sehemu kubwa ya mikutano hiyo iwe ya kusoma na kula pamoja, si ya hesabu. Siku za kuulizana ziwe chache na zijulikane mbele, na mkubwa wao aulizwe kwanza. Kama padre mkuu ndiye wa kwanza kufungua daftari lake la fedha, hakuna mwalimu atakayeona haya kufungua la kwake. Sanduku la sadaka lihesabiwe na watu wawili, wala wasiwe ndugu; si kwa kuwa twamshuku mwalimu, bali ili siku atakaposingiziwa awe na shahidi.

Pili, juu ya somo. Kila mtumishi achague mmoja, mwenyewe, kwa hiari, wala asichaguliwe na askofu. Asiwe yule amlipaye mshahara, au amhamishaye kutoka kituo hiki hata kile. Awe mtu mzima aliyekwisha kupita njia ile. Na wake za wachungaji wasisahauliwe. Mke wa mchungaji huambiwa siri za wanawake wote, naye mara nyingi hana hata mmoja wa kumwambia yake, kwa kuwa kila atakalosema litahesabiwa kuwa neno la nyumba ya mchungaji.

Tatu, juu ya mtani. Huyu afaa atoke nje: katika mtaa mwingine, au katika kabila jingine, hata katika kanisa jingine. Tayari twasikia makasisi wa Kichaga na wa Kipare wakitaniana penye mikutano, na watu hucheka. Ruhusa hiyo yaweza kutumika kwa jambo lililo zito zaidi ya kicheko. Mwambie mtani wako, Ukiniona nimeanza kupenda kusifiwa, au nimeanza kusafiri sana kuliko kukaa na watu wangu, uniambie. Nami nitakuambia wewe. Neno la mtani halimfukuzi mtu kazini, na kwa hiyo aweza kulisikia mapema, kabla halijawa shauri la baraza.

Nne, juu ya mpaka wa siri, ambapo wengi hukosea. Siri ya maungamo ya sakramenti ina sheria zake, nazo hatuzigusi hapa. Lakini somo asiye mwungamishi na amwambie mwenzake tangu mwanzo kwamba yako mambo asiyoweza kuyafunika. Mtoto akidhulumiwa, jambo hilo si la somo tena. Ni la baraza, na ni la serikali. Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mtu wa jamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zavunjwa apeleke habari kwa serikali ya mahali. Wala mkutano wa makasisi usidhani kwamba umekwisha kutoa hukumu kwa kumhamishia mkosaji mtaa wa pili. Huko nako wako watoto.

Na mwisho, tumrudie yule mwalimu wa kijiji cha mbali, aliyefiwa na mtoto na mwenye ufunguo wa sanduku. Msomaji aliye na watu chini yake na ajiulize maswali matatu juu yake. Je, yuko mtu wa kumwambia kweli pasipo yeye kuogopa kupoteza kazi? Je, yuko mtu ambaye aweza kulia mbele yake? Je, kuna siku iliyowekwa ambayo mimi na yeye tutatoa hesabu mbele ya wenzetu, mimi kwanza? Kama jibu la moja katika hayo ni hapana, kazi ya kuanza nayo juma hili ndiyo hiyo. Naye mwalimu asingoje mpaka mkubwa wake akumbuke. Somo aweza kumtafuta leo, na mtani huenda anaye tayari.